Ndevu za Mafirauni na Ndevu za Nabii Harun

Ndugu zetu Waislamu, limezuka tena baina yetu suala la ndevu, na khasa za vijana wanaonyoa mashavu wakabakisha za kidevuni tu, au wakaacha kile kishungi cha chini ya mdomo ambacho wazee hukiita kionja mchuzi. Wako wasioitikia hata salamu zao. Je, ndevu ndizo kipimo cha imani ya mtu?

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kufuga ndevu na kupunguza masharubu, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ibn Umar, aliyeipokea, alipohiji au kufanya umra alikuwa akizishika ndevu zake kwa mkono, akakata zilizozidi ngumi. Basi hatusemi kuwa ndevu ni jambo la mchezo.

Tusemalo ni kwamba alama siyo kitu chenyewe. Mafirauni wa Misri walivaa kidevuni ndevu za bandia, kuwa alama ya ufalme na uungu. Hatshepsut, aliyetawala zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, alichongwa nazo, naye ni mwanamke! Na mwaka 2014 ndevu za kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun zilibanduka katika makumbusho ya Cairo, zikarudishwa kwa gundi. Cha kubandikwa hubanduka.

Qur'ani imezitaja ndevu mara moja tu, katika Surat Taha. Nazo ni ndevu za Nabii Harun, aliposhikwa na nduguye Musa kwa ghadhabu baada ya watu kuabudu ndama. Hakuulizwa urefu wa ndevu. Aliulizwa ni lipi lililomzuia alipoona watu wanapotea. Na jawabu yake ilikuwa kwamba alichelea kuwafarikisha Wana wa Israili.

Na tuzingatie hayo. Mwenye ndevu timamu anayekula mali ya yatima, ndevu zake zitamshuhudia nini? Na anayekataa kuitikia salamu ameacha wajibu usio na shaka kwa ajili ya jambo ambalo maulamaa wenyewe wamekhitilafiana, wako walioharimisha kunyoa na wako waliosema ni makuruhu.

Enyi vijana, fugeni ndevu kwa kumfuata Mtume, si kwa kufuata mitindo. Nanyi wazee, itikieni salamu kwanza, kisha fundisheni kwa upole. Msikiti usigawanyike kwa wembe.

Wabillahi tawfiq.