Mjukuu Wangu, Usiidharau Hiyo "s"

Mjukuu wangu, sogea hapa. Daftari lako nimeliona. Umeandika kwa Kiingereza, "My father have two cows and he go to Benaco." Mwalimu amepiga mstari mwekundu chini ya "have", akapiga mwingine chini ya "go". Wewe umelifunga daftari ukasema, "Si inaeleweka tu, babu?"

Hapo ndipo unaponitia hofu. Kosa lisilouma halipelekwi zahanati. Baba ni mmoja, mwanangu. Kwa hiyo ni "has", na ni "goes". Nakuomba ulijue hilo mwaka huu, ungali darasa la sita.

Wala usiniambie Kiingereza ni kigumu hapa. Wewe umezaliwa ndani ya ngeli. Kabla hujajua kufunga kamba za viatu ulikuwa ukisema mtoto analia, watoto wanalia, kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika, na hakuna aliyekushikia fimbo. Wanaosema Kihangaza, Kishubi na Kirundi nao wana ngeli zao. Mwingereza amebaki na kidogo mno: kwa vitenzi vingi ni "s" moja tu, wakati uliopo, nafsi ya tatu, umoja. Na hiyo moja ndiyo unayoiacha njiani!

Nami najua kwa nini unaiacha. Kwetu upatanisho uko mbele ya kitenzi. Huwezi kukianza kabla hujajua nani anatenda. Wao wameuweka mwishoni, mahali ambapo kalamu imeshakimbilia neno linalofuata. Tena "s" hiyo ina ujanja: kwenye jina inaonyesha wingi, kwenye kitenzi inaonyesha umoja. "The cow eats", "the cows eat". Ikikaa kwa mmoja, kwa mwenzake haipo.

Basi tumia sikio lako mwenyewe. Ukisema "gunia la maharage limeanguka", umefuata gunia, hukufuata maharage. Hujawahi kusema "gunia la maharage yameanguka". Sasa mbona kwenye Kiingereza unaandika "the bag of beans have fallen"? Umelisahau gunia kwa kuwa "beans" ndilo neno lililokaa jirani na kitenzi. Rudi nyuma, mwanangu, mtafute mwenye sentensi. Ni "has". Hata "kila mtu ana" ni hivyo hivyo: "everybody has", japo hao watu wakijaa mnada mzima.

Ila kuna mahali sikio letu litakudanganya, na hapo ndipo nataka uwe macho. Maji, maziwa, mafuta. Sisi tunasema maji yamekauka, maziwa yamemwagika, kwa hiyo mkono unataka kuandika "the water are", "the milk have". Kwao hivyo havihesabiki, vinachukua umoja: "the water is", "the milk has". Na habari, ingawa "news" inaishia na "s", ni "the news is". Polisi nao, hata wakitajwa bila "s", ni "the police are". Haya hayana njia ya mkato. Yashike moja moja.

Na ukishaandika "does", "s" imeshapata pa kukaa. Usiiweke tena. "He doesn't goes" ni kumvalisha mtu kofia mbili. Sikiliza, nakuomba.

Unadhani babu anasumbuka bure. Mimi nilikuwapo hapa Lukole wakati wa kambi za wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, kambi ya Benaco ikafurika. Kisha ya Lukole ikajaa Warundi. Mashirika ya misaada yakaja hapa wilayani Ngara, na karatasi zao zilikuwa za Kiingereza. Niliona vijana walioweza kuandika taarifa ya ukurasa mmoja wakikalishwa kwenye meza, na wenzao, wenye akili ile ile, wakibaki kupakua magunia kwenye malori. Kambi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008. Waliobeba magunia waliondoka na migongo yao.

Watoto wa kambini walisoma kwa mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa. Leo Burundi yenyewe imekiweka Kiingereza miongoni mwa lugha zake rasmi, tangu 2014. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zake zifundishe kwa Kiingereza. Nchi zote mbili ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Hao wa ng'ambo ya mipaka ya Rusumo na Kabanga ndio utakaokaa nao benchi moja siku ya usaili. Mbuzi asiyehesabiwa asubuhi jioni hana mwenyewe.

Halafu fikiria shule. Shule ya msingi utaimaliza kwa Kiswahili. Ukiingia kidato cha kwanza, baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Mwalimu wa kemia hatasimama kukuonyesha "s". Atafundisha kemia. Nawe utaanza kukariri noti nzima nzima, maana kuunda sentensi yako mwenyewe unaogopa. Nimewaona wanaokariri. Swali likigeuzwa kidogo tu, wanakaa kimya.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Sababu zilikuwa nyingi na watu walibishana sana, sitaitwisha "s" mzigo wote huo. Lakini mtoto asiyeweza kupanga sentensi moja akaiamini, unategemea aandike insha?

Kwa hiyo usinichekee, mjukuu wangu. Usiniambie hata Wazungu wanakosea. Wao wanakosea wakiwa kwao.

Jumamosi, kabla hujaenda mnadani, niletee sentensi kumi. Tano ziwe na gunia, debe au mkungu wa kitu fulani. Tano ziwe za maji, maziwa na mafuta. Chini ya kila kitenzi piga mstari, kisha chora mshale urudi kwa mwenye sentensi. Mshale ukienda kwa maharage, utaandika upya.