Kumpima Mtu kwa Ulimi Wake

Siku moja ya gulio, hapa kwetu Kumsenga, niliwaona wageni wawili wakimwendea mama mmoja muuza maharage. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kijapani, mmoja wa wale wa kujitolea ambao nchi yao ilianza kuwaleta Tanzania mwaka 1967. Alimwamkia mama yule, "Shikamoo," akauliza bei kwa kusitasita, tena kwa kukosea ngeli. Watu wakapiga makofi: "Huyu anakijua Kiswahili!" Wa pili alikuwa mwanamke wa Kirundi, mmoja wa waliovuka mpaka baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwaka 1993. Alieleza shida yake yote pasipo kusita, ila alisema kwamba watoto wake hawajapata "kura". Watu wakaangua kicheko, wakamuuliza kama wanawe wamefikia umri wa kumchagua diwani. Nami, ndugu msomaji, nilicheka.

Usiku ule kicheko changu kilinirudia. Aliyejua kidogo alisifiwa, na aliyejua zaidi alidhihakiwa. Basi ni wazi kwamba hatukuwa tukipima Kiswahili. Tulikuwa tukimpima mtu: katoka wapi, ana nini mfukoni, atatufaa au atatusumbua.

Nikamkumbuka marehemu baba. Kama Waha wengi wa zama zake, alikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Kiha ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka, neno laweza kubadilika maana. Kiswahili hakina jambo hilo. Hivyo baba alisema Kiswahili kwa wimbo wa milimani, na wenyeji wakamcheka hata akawa mtu wa maneno machache. Leo sisi wanawe tunamcheka Mrundi, ambaye lugha yake na yetu zinasikilizana bila mkalimani. Nyani haoni kundule.

Wala kicheko hiki hakiishii gulioni. Safari moja nilishushwa kwenye basi kwa sababu ya lafudhi yangu, nikaulizwa babu yangu kazikwa wapi. Abiria wenzangu walisubiri juani, na ulimi wangu mwenyewe ulikuwa shahidi dhidi yangu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mgeni aombaye uraia ajue Kiswahili au Kiingereza cha kutosha. Haimtaki atamke kama mzaliwa wa Unguja. Masikio yetu yamejitungia sheria iliyo kali zaidi.

Yupo atakayesema kwamba lugha isiyo na kanuni huharibika, na kwamba mwalimu asiyesahihisha hamsaidii mwanafunzi. Ni kweli. Lakini hata Kiswahili sanifu kilichaguliwa: mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilifanywa msingi wake. Uamuzi huo ulikuwa na faida, ila haukumfanya Mwunguja awe bora kuliko mtu wa Mvita au wa Kumsenga. Kumsahihisha mtu ni kumpa kitu. Kumcheka ni kumnyang'anya.

Sifa nazo tuzitazame. Wageni waishio Japani husimulia kwamba huko nako salamu moja hutosha kumpatia mgeni sifa, na baada ya miaka mingi bado husifiwa vilevile. Mwanzoni sifa hiyo ni tamu. Baadaye humkumbusha kwamba angali mlangoni. Huenda makofi yetu nayo yalimwambia yule kijana: wewe si wa hapa.

Nadhani heshima ya kweli kwa anayejifunza lugha ni kumjibu alichosema. Muuza maharage peke yake hakupiga makofi wala hakucheka. Kijana alimtajia bei. Mwanamke alimpimia kopo, akamtilia na nyongeza, kisha akasema polepole, "Wapelekee watoto, wale." Mwanamke akaitikia, "Wale." Alilitamka sawasawa, na safari hii hakuna aliyecheka.