Wenye Ukoma Wanne na Habari za Kazi

Somo letu wiki hii ni Wafalme wa Pili, sura ya 7. Samaria imezingirwa na Waaramu, na njaa imezidi hata kichwa cha punda kikauzwa shekeli 80. Nje ya lango wamekaa watu wanne wenye ukoma. Wanakata shauri kwenda kwa adui, maana kufa kuko kotekote, na wanakuta kambi tupu. Wanakula, wanakunywa, wanabeba fedha na nguo wakazifiche. Wanarudi, wanaficha tena. Ndipo dhamiri inawasuta: watu mjini wanakufa njaa, nao wamenyamaza. Basi wanakwenda kupeleka habari.

Nimelisoma nikiikumbuka Peter Street, namba 129, hapa Toronto. Kiangazi cha 2023 waomba hifadhi kutoka Afrika, Wakenya na Waganda wakiwamo, walilala kando ya barabara nje ya ofisi ya kuwapangia watu malazi, hadi makanisa kama Revivaltime Tabernacle yakawafungulia milango. Waliofika Toronto miaka ile, wengine leo wana vibali na zamu za kudumu. Wanajua wapi wanaajiri. Nawauliza wao, na sisi tuliowatangulia: habari hizo tunazipeleka wapi?

Namwelewa anayeogopa kwamba akileta wenzake watatu, msimamizi atampunguzia saa. Kazi za kupitia ajenti wa ajira ndivyo zilivyo, na mwenye watoto hawezi kulichukulia hilo kirahisi. Lakini mwajiri asipopata watu kwetu atawapata kwingine, na ndugu yetu atabaki amekaa sebuleni kwa mtu akihesabu siku.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya kuficha, nalo ni habari nusu. Ujumbe unaingia kwenye simu usiku: “Kazi ipo Brampton, wanaume watano, kesho saa kumi na moja alfajiri, mje na buti za chuma.” Basi. Mshahara hautajwi, mlipaji hatajwi, wala asiye na gari haambiwi atafikaje huko saa hiyo. Watu wanausambaza kwa moyo mwema, na mgeni anakopa hela ya buti.

Mfalme wa Samaria alipopelekewa habari hakukimbilia kambini. Alituma watu na farasi wakaifuata njia mpaka Yordani, wakakuta nguo na vyombo vimetupwa njia nzima. Maandiko hayamkemei mfalme kwa kuhakikisha, na sisi tunazo njia za kuhakikisha. Kima cha chini cha mshahara Ontario kilipanda Oktoba 2025 hadi dola 17.60 kwa saa. Tangu Julai 2024 ajenti lazima awe na leseni ya jimbo, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu. Haruhusiwi kumtoza mfanyakazi hata senti ili ampe kazi. Ukiombwa hela ya kuandikishwa, ondoka. Na tangu Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi akitangaza kazi hadharani anapaswa kutaja malipo, wala hawezi kudai uzoefu wa Kanada. Tovuti ya serikali ya Job Bank inaonyesha, kwa kila eneo, malipo ya chini, ya kati na ya juu ya kazi mbalimbali. Asiye na kompyuta aende maktaba ya mtaa, atumie za pale bila malipo.

Tena tusipeane habari za maghala na kutunza wazee peke yake. Humu kanisani wamo wahasibu, wauguzi, mafundi umeme. Fundi aliyepata nafasi ya uanagenzi hapa anajua alianza kwa nani, alidaiwa karatasi gani na alilipwa kiasi gani akiwa bado anajifunza. Hayo kijana wetu hawezi kuyabahatisha, na shule ya ada kubwa haitamwambia.

Basi Jumapili hii, wakati wa chai, mwenye habari ya kazi aje nayo imeandikwa: mshahara, mahali, anayelipa, kinachotakiwa. Na aliyekwenda akakuta nafasi zimejaa, arudi atuambie siku hiyohiyo, ili mama aliyeko Rexdale asipande mabasi mawili kufuata kazi ambayo haipo tena.