Porini Hakuna Anayerudishwa Darasa

Umeitwa ofisini, ukasimama wima, ukasomewa karatasi. Wenzako wanaendelea. Wewe unabaki, uanze upya na kundi linalokuja. Kwetu neno lake tulilichukua katika Kifaransa cha shule: kudubla. Umedubla. Jioni hiyo wenzako wanapiga pasi magwanda na kujaribu kofia, nawe unabeba godoro kwenda bweni la wageni ambao hata kamba za buti hawajajua kuzifunga.

Nakuandikia wewe kijana wa Salamabila, wa Kabambare, wa Kasongo, uliyetoka kwenu kwenda kusomea uafisa na sasa umeambiwa usubiri. Nawe binti uliyevaa kombati ukachekwa mtaani, maneno haya ni yako pia.

Najua kinachokuuma zaidi. Si mbio za alfajiri wala mzigo wa mgongoni. Ni simu. Mama yako amekwisha kutangaza sokoni. Shangazi amekwisha kununua kitenge cha sherehe, na fundi amekwisha kukikata. Baba, ambaye hasemi mengi, ameanza kusema. Sasa ungoje siku mtandao utakapokubali, usikie "alo, alo, unanisikia?" halafu useme, "Mama, nimebaki." Basi sema. Sema leo, kabla jirani hajasema kwa niaba yako. Aibu iliyosemwa mapema huisha mapema, na iliyofichwa hula chakula chako kila siku. Kitenge hakiozi. Kitakaa sandukuni, na mwaka ujao kitatoka.

Sitakuletea habari za dhahabu kupita motoni. Wewe umekulia karibu na mgodi wa Namoya, habari za dhahabu unazijua kuliko mwandishi yeyote. Nitakuambia za mpunga, maana mkoa wetu wa Maniema ni nchi ya mchele. Umemwona bibi akitwanga. Anatwanga, anapepeta, anatia mkono, anatazama. Punje zikiwa bado na ganda anazirudisha kinuni. Hazichukii punje hizo. Zile anazotaka kuzitupa huwamwagia kuku, wala hajisumbui kuinua mchi mara ya pili. Waliotaka kukutupa wangekupa nauli ya kurudi nyumbani. Wewe wamekurudisha kinuni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Huko kwetu tumeona watu wenye vyeo wasiorudishwa darasa hata siku moja. Ukienda porini leo na bunduki moja na vijana kumi, kesho wewe ni kanali. Vijana wakifika hamsini, wewe ni jenerali. Hakuna mtihani wa ramani, hakuna anayekuuliza sheria ya vita inasemaje juu ya mfungwa au juu ya raia aliyeinua mikono. Hakuna mtu mwenye ujasiri wa kukuambia, "Bado." Salamabila imeishi na vyeo vya namna hiyo. Mwaka 2019 wafanyakazi wa mgodi wa Namoya walitekwa, na mwaka huohuo kampuni ya Banro ikasimamisha kazi hapo kwa sababu ya usalama. Vijana waliokuwa na kibarua wakakikosa, wachuuzi wakakosa wanunuzi, na njia ya kwenda Kasongo ikawa ya kuombea dua. Na tuseme kweli yote: hata kwenye vizuizi vya wenye gwanda la serikali, raia wa Kongo ameshatoa faranga zake mara nyingi mno kwa mtu ambaye mkubwa wake hakuwapo, au alikuwapo akatazama pembeni.

Kwa hiyo anapotokea mahali mtu anayekukagua, akakuta upungufu, akathubutu kukuzuia, elewa amefanya kitu adimu katika nchi yetu. Ile nyota ya begani si ya kupigia picha tu. Siku moja utasimama mbele ya wanajeshi thelathini wenye njaa, usiku, kando ya kijiji chenye mbuzi na wanawake, na wote watakugeukia wewe. Ukikosea pale hakuna kudubla. Kijiji ndicho kitakacholipa.

Kongo ilikwisha kujaribu njia ya mkato, na haikuwa na hiari. Jeshi la wakoloni, Force Publique, lilikuwa na askari Wakongo waliopigana vita vya watu: waliingia Tabora Septemba 1916, wakawashinda Waitaliano kule Saio, Ethiopia, mwaka 1941. Walijua kupigana, lakini maafisa walikuwa Wabelgiji watupu. Mkongo, awe hodari vipi, aliishia kwenye vyeo vya chini, usajenti na uajudani. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi la watu kama elfu ishirini na nne halikuwa na Mkongo aliyeandaliwa kuliongoza. Siku tano baadaye Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo yatabaki kama kabla ya uhuru. Askari wakaasi. Ndani ya siku chache ikabidi vyeo vigawanywe haraka haraka. Victor Lundula, aliyekuwa meya wa Jadotville, akawa jenerali. Mobutu, aliyeacha jeshi mwaka 1956 akiwa sajenti-meja, akawa kanali na mnadhimu mkuu wa jeshi.

Dhuluma haikuwa kuwapandisha. Dhuluma ilikuwa kuwanyima shule kwa miaka zaidi ya sabini, kisha kuwakabidhi jeshi kwa wiki moja. Lakini bili ililetwa kwetu. Novemba 1961, mjini Kindu, makao makuu ya mkoa wetu, askari waliokosa wa kuwashika waliwaua Waitaliano 13 wa kikosi cha anga waliokuwa wakitumikia Umoja wa Mataifa. Wale walikuwa askari wa jeshi la nchi, wenye sare na namba. Kilichokosekana ni afisa ambaye neno lake lingewasimamisha. Wewe leo unapewa muda ambao wale wa 1960 walinyimwa. Unauita adhabu?

Najua utaniambia: "Mimi sikushindwa kwa uvivu. Nimeonewa." Huenda ni kweli. Yapo majeshi, na zipo nchi, ambako jina la ukoo hupita mbele ya alama za mtihani. Kama unao ushahidi, zipo njia za kulalamika: zifuate kwa maandishi na kwa adabu, mara moja, kisha urudi kazini. Lakini kabla hujaenda huko jiulize mwenyewe, usiku, pasipo shahidi: ningejisaini mimi? Kama ningekuwa mwalimu wa kwata, ningempa huyu mtu vijana wa watu awaongoze?

Mara nyingi kinachotukwamisha sisi wa kusini mwa Maniema hakihusiani na ushujaa. Ni lugha. Hebu hesabu. Nyumbani umeongea Kibangubangu au lugha nyingine ya wazee. Sokoni na msikitini na kanisani, Kiswahili. Jeshini amri na soga ni Lingala. Ukiketi darasani, topografia na sheria na hesabu za mizinga zinafundishwa kwa Kifaransa. Umefika chuo cha maafisa cha Kananga, mbali kule Kasai, na akili timamu na miguu ya chuma, halafu swali la mtihani limekupita kwa sababu ya kitenzi kimoja. Hilo ni donda linalotibika. Maneno kumi ya Kifaransa kwa siku, yaandikwe kwenye kijidaftari cha mfukoni, yasomwe chooni ikibidi, ni maneno elfu tatu na zaidi kabla mwaka haujapinduka. Muombe yule mwenzako wa Kinshasa akusahihishe, nawe umfundishe kutembea usiku msituni, maana hilo kwake ni Kifaransa.

Na kama ni mwili, kama goti limevimba au mfupa wa mguu umepata ufa, basi usijifanye simba. Ufa haubishani. Kijana anayemficha daktari maumivu ili asibaki nyuma atabaki nyuma maisha yake yote, akichechemea. Lala, kula, fuata alichosema mganga wa kikosi, na miezi hiyo uitumie kusoma ramani mpaka uone milima kwenye karatasi kama unavyoiona ukiwa juu ya pikipiki.

Hesabu nayo isikutishe. Mmarekani George Patton, yule wa vifaru vya vita kuu ya pili, aliingia chuo cha West Point mwaka 1904, akafeli hesabu, akarudishwa mwaka wa kwanza. Kozi ya miaka minne akaimaliza kwa mitano, 1909. Lakini Patton ni wa mbali, na kwao walikuwa na pesa. Wa karibu yupo.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Tanzania ya leo, kule Butiama, alizaliwa mwaka 1920 mtu aitwaye David Musuguri. Mwaka 1942 akaingia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, akaenda vitani Madagaska. Akarudi, akawa sajenti, akawa mwalimu wa askari pale Kahawa, nchini Kenya. Afisa hakuwa, maana katika jeshi lile Mwafrika hakupewa uafisa kamili mpaka uhuru ulipokaribia mlangoni. Miaka ikapita: thelathini na moja, thelathini na tano, thelathini na tisa ya umri wake, na bado uafisa kamili hajaupata. Mwaka 1961 akatokea kijana, Mirisho Sarakikya, aliyezaliwa 1934, akamaliza Sandhurst, chuo cha maafisa cha Waingereza, na mwaka 1964, kabla hajavuka miaka thelathini, akapewa jeshi zima la nchi yao. Musuguri alikuwa amekwisha kuvaa gwanda zaidi ya miaka ishirini.

Wewe umepitwa na kundi moja. Yeye alipitwa na mtu ambaye alikuwa mtoto wa miaka minane siku yeye alipoandikishwa. Hakutupa gwanda.

Sikiliza kilichofuata. Mmoja wa vijana waliopita mikononi mwake kule Kahawa aliitwa Idi Amin. Huyo alipanda mbio: akapindua serikali ya Uganda 1971, akajipa vyeo na nishani mpaka kile cha Fildi Masho. Aliyejipa, sikia vizuri. Mwaka 1979 mwanafunzi huyo aliikuta Divisheni ya 20 ya Tanzania ikimjia, na anayeiongoza ni mwalimu wake wa zamani. Tarehe 10 Machi, pale Lukaya, Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wapya, ilipigwa makombora na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikavunjika, watu wakatawanyika. Aibu ya brigedi nzima, si ya kijana mmoja na godoro lake. Musuguri hakuwafukuza. Usiku ule walikusanywa, wakapangwa upya, na alfajiri ya tarehe 11 brigedi ileile iliyokimbia ikarudi kushambulia kutoka mbele huku Brigedi ya 208 ikizunguka ubavuni. Lukaya ikachukuliwa. Mwezi uliofuata Kampala ilianguka.

Mwaka 1980 Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania, umri wake miaka 60, na akashika kazi hiyo mpaka 1988. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104. Naona kwamba alijua kuwapanga upya waliovunjika kwa sababu alikuwa ametumia miaka mingi pamoja na askari wa chini, akiwatazama nyuso wanapochoka. Hilo halifundishwi kwa anayepita mbio.

Nawe sasa uko katika bweni la wageni. Watazame. Yule wa kitanda cha pili analia akijifunika blanketi asisikiwe. Hajui kwamba wiki ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote na kwamba ya nne hupungua. Wewe unajua. Hajui jinsi ya kufunga soksi ili malengelenge yasimle. Mwonyeshe. Usikae pembeni ukisimulia kundi lako la zamani, hakuna anayechosha kama mtu huyo. Usiwe mtabiri wa mabaya anayewaambia wageni kila mwalimu ana ubaya gani. Fanya kwata kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na upungufu uliotajwa kwenye ile karatasi uushughulikie kwanza, kila siku, kabla ya yale unayoyapenda. Siku wenzako wa zamani watakapovishwa nyota, nenda uwanjani, simama wima, wapigie saluti. Itauma. Wapigie tu.

Salamabila inahitaji maafisa wanaokijua Kiswahili cha soko lake na njia za mashamba yake, na ambao waliwahi kuambiwa "bado" wakakubali kukaguliwa tena. Tutakungoja mwaka mmoja zaidi. Tumeshangoja makubwa kuliko hilo.

Mpigie mama simu usiku huu. Kisha panga buti zako chini ya kitanda, ulale. Filimbi ni saa kumi na moja.