Kiranja au Mjumbe?

Nilipokuwa darasa la tano huku Ngara, mwalimu aliniteua kuwa kiranja. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuandika majina. Aliyepiga kelele, jina. Aliyechelewa, jina. Wiki moja nikamwandika binti wa darasani kwetu mara tatu. Akachapwa. Jioni, tukiwa njiani kurudi nyumbani, akaniambia kwa Kihangaza, taratibu kabisa, kwamba mama yake alikuwa mgonjwa na maji alikuwa akiyateka yeye, kule bondeni, kabla jua halijatoka. "Wewe si kiongozi wetu? Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Hebu tujiulize basi: kiongozi wa watoto ni wa nani? Kiranja aliyeteuliwa na mwalimu ni sikio la mwalimu. Mjumbe wa baraza la wanafunzi, aliyechaguliwa na wenzake, anapaswa kuwa mdomo wao. Hizo ni kazi mbili tofauti, nasi tumezoea kuiita ya kwanza kwa jina la pili.

Wapo watakaosema, "Eti mtoto wa darasa la tatu naye ana maoni? Atadai mpira kutwa nzima!" Huenda. Lakini nani anayejua choo kipi hakina mlango kama si anayekitumia? Nani anayejua kisima kiko mbali kiasi gani kama si anayebeba ndoo? Tena kumsikiliza mtoto si kumtii. Mwalimu anaweza kukataa. Ila akikataa, aseme kwa nini.

Wala wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule, si kulilima tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Karatasi tunazo. Tulichopungukiwa ni masikio.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Naam! Basi tukimkunja mtoto katika kunyamaza miaka yote ya shule ya msingi, tusishangae akifikisha miaka 18, akaingia mkutano mkuu wa kijiji, akakaa nyuma kimya huku mapato na matumizi yakisomwa mbiombio. Atainamisha kichwa tu, akiomba jina lake lisiandikwe.

Daftari lile bado ninalo kichwani. Lina majina mengi, sababu hata moja hakuna. Shule itakayoanzisha baraza ianze na daftari jingine, lenye safu mbili: alichosema mwanafunzi, na alichojibiwa. Safu ya pili ikibaki tupu, tusijidanganye kwamba tuna baraza.