Tabasamu Halina Mtihani

Hebu tuulizane, ndugu zangu, tena bila kuoneana haya: mtoto wa kidato cha kwanza akifundishwa kumhudumia mtu mezani, anafundishwa kazi au anafundishwa kunyenyekea? Wapo wanaoona ni mamoja. Mimi nasema si mamoja hata kidogo.

Swali si la hewani. Januari 2024 sekondari za Tanzania zilianza mtaala mpya wenye mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, na ndani ya amali zimo fani za upishi na huduma za chakula. Wazo lenyewe wala si geni. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na miaka ya 1970 shule zetu zikagawiwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Hiyo ya mwisho ikaonekana ni ya wasichana wanaosubiri kuolewa, basi, mjadala ukaishia hapo.

Mzazi wa mjini leo anasema nini? "Nimejinyima nikusomeshe, halafu uje ubebe sahani?" Lakini mtazame mzazi huyohuyo harusini. Pwani yetu hii pilau la shughuli hupikwa na mwanamume, kashika mwiko mrefu kama kasia, na watu wanamjua kwa jina mtaa mzima. Hakuna anayemdharau. Kumbe dharau haiko jikoni. Inaanza pale sahani inapotoka jikoni kwenda mezani, hatua kumi tu, kwa sababu mwisho wa hatua hizo kuna mtu amekaa na mwingine amesimama.

Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika kitabu chake cha mwaka 1943, alimweleza mhudumu mmoja wa mkahawa: mwendo wake mwepesi kupita kiasi, anavyoinama kwa hamu iliyozidi, sinia anavyolibeba kama mchezaji wa sarakasi. Sartre akasema jamaa huyu anaigiza kuwa mhudumu, na hapo akaona mfano wa mtu anayejidanganya nafsi. Kijiweni tungesema "anajitia". Mimi hoja hiyo huwa inanikera kidogo. Sartre alizoea kuandikia mikahawani Paris. Yaani yeye ndiye aliyekuwa amekaa. Hakutueleza mhudumu alimwonaje mteja anayekaa na kahawa moja kutwa nzima akiandika juu ya uhuru. Pengine maigizo yale ndiyo yaliyokuwa ngao yake: huyu unayemwita kwa kidole ni vazi tu, mimi mwenyewe nimejibakiza nyumbani.

Lugha yetu inalijua tatizo hili siku nyingi. Mtume, mtumishi na mtumwa, wote watatu wamezaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Ndugu wa tumbo moja, lakini tazama walivyoachana! Na sasa tumeongeza neno jingine: biashara ya hoteli tunaiita sekta ya ukarimu. Ukarimu, jamani. Ule wa bibi zetu ulikuwa na mpaka wake, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hotelini jembe halipo. Akilipa kwa mwezi, ni mgeni mwezi mzima, na anayemkaribisha hana ruhusa ya kuchoka usoni.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi na darasa. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, msomi wa Marekani, alitoa kitabu juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba mwajiri hanunui mikono yao tu. Ananunua na hisia: wanafundishwa kutabasamu hadi tabasamu lionekane limetoka moyoni. Kwa mtu mzima hayo ni mapatano, mazuri au mabaya. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, ambaye ndiyo kwanza anajaribu kujua uso wake ni upi, ni jambo jingine kabisa.

Je, tuifute fani? Hasha! Ndani ya jiko kuna elimu nzito kuliko wanavyodhani wale wa fizikia. Chukua wali. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukiachwa wazi kwenye joto la Dar tangu mchana, mbegu zinaamka na kutoa sumu, na baadhi ya sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto. Ndiyo maana chakula cha moto hutunzwa juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Mpishi anayajua haya. Mteja hayajui, anakula kwa imani. Tajiri aliyeshuka na gari la kifahari ameweka tumbo lake, pengine na uhai wake, mikononi mwa kijana aliyemwita "wewe". Sasa hapo nani mkubwa?

Kwa hiyo kijana afundishwe kisu, moto, usafi, hesabu za stoo. Afundishwe pia kusoma mkataba wa ajira kabla ya kutia sahihi, na namna ya kumjibu mteja aliyemshika kiuno. Sijui kwa nini wengi wanadhani la kiuno si somo. Heshima afundishwe, ndiyo, kwa maana ya kutomfokea mtu na kutompa chakula ambacho wewe usingekila. Lakini tabasamu lisiwekewe alama. Akitabasamu, liwe lake.

Na lipo moja la mwisho, nalo ndilo litakalowaudhi wengi. Isiwe watoto wa amali wanapika na kuandaa, wa jumla wanakula na kwenda zao maktaba. Tukifanya hivyo tumejenga hoteli, hatujajenga shule. Ijumaa hii amali wahudumu, Ijumaa ijayo jumla wafunge aproni, wabebe sinia, waitwe kwa kidole waone inavyouma. Najua wazazi wao watakuja mbio kwa mkuu wa shule kulalamika. Waje tu. Wapewe viti, na watoto wao wenyewe wawaletee chai.