Kwikwi ya Aliyepasuliwa na Pumzi Isiyotii

Tafakuri juu ya mateso, kama inavyofundishwa seminarini na kuhubiriwa makanisani, imezoea kuyatazama makubwa, yaani njaa, vita na kifo cha mtoto, na kwa sababu hiyo hukosa neno la kumwambia mkulima wa Matiri, kusini mwa Tanzania, aliyepasuliwa tumbo hospitalini Litembo au Peramiho, ambaye kidonda chake ni kisafi lakini kwikwi imemshika na haimwachi.

Kwikwi, ambayo wengine huiita kekevu, ni mshtuko wa kiwambo, yaani ukuta wa msuli unaotenga kifua na tumbo, ambao hujikaza ghafla huku njia ya hewa kooni ikijifunga. Kwa mtoto mchanga jambo hili hupokewa kwa tabasamu, na bibi humbandika uzi uliolowa mate kwenye paji la uso. Kwa aliyepasuliwa, hata hivyo, tumbo lililojaa gesi, kiwambo kilichoguswa au mpira wa kupumulia uliotumika wakati wa nusukaputi huweza kuzichokoza neva zinazokiongoza kiwambo hicho, na kila mshtuko huvuta mshono, hukatiza tonge na kufukuza usingizi. Ikipita saa 48 waganga huiita kwikwi ya kudumu, na pengine huwa dalili ya usaha uliojificha chini ya kiwambo.

Augustino, katika kitabu cha 14 cha Mji wa Mungu, alifundisha kwamba mwili kutoitii nia ya mtu ni adhabu ya mtu kutomtii Mungu, lakini mapafu aliyaweka upande wa watiifu, akiyafananisha na mivukuto ya mhunzi inayofuata matakwa ya anayepumua, anayesema na anayeimba. Kwikwi yaivunja hoja hiyo, kwa kuwa hapa pumzi yenyewe ndiyo isiyotii, na hakuna dhambi mpya iliyotendwa mezani pa upasuaji. Yafaa zaidi kurudi kwenye Mwanzo 2:7, ambako pumzi hupuliziwa mtu kutoka nje yake: kisichokuwa mali yake tangu awali hakiwezi kuhesabiwa kuwa kimemwasi.

Wamatengo, wakulima wa milima ya huko kusini, walijua mashambani namna ya kuishi na kisichotii. Mvua ya milimani haiamriki, nao hawakuishia kuilaumu au kuiita jaribu, bali walichimba ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta ya udongo uliofunika nyasi, ili maji yatue bila kuubeba mteremko.

Kwikwi nayo yataka kazi ya mikono kwanza: kumwambia mgonjwa kwamba ni msalaba wake, kabla ya kumwita muuguzi, ni kosa la imani na la utu pia. Waraka wa Yohane Paulo II juu ya mateso, wa 1984, unamweka Msamaria Mwema, aliyefunga majeraha kwa mikono yake, karibu na fumbo la msalaba. Kanuni ya Benedikto, inayofuatwa na watawa walioanzisha Peramiho mwaka 1898, inaweka huduma ya wagonjwa mbele ya yote katika sura ya 36. Na Papa Pius XII, kwikwi ilipomtesa mwaka 1954, alitibiwa na madaktari. Basi ndugu anayemuuguza mtu wake asicheke wala asingoje: amwambie daktari ni saa ngapi zimepita, na akisikia dawa iliyoandikwa ni klopromazini, ijulikanayo zaidi kwa wagonjwa wa akili, asishtuke, kwa maana hutumika pia kutuliza kwikwi.